Kabla ya YouTube kulikuwa na meli: kava ilivyofika Katubuka

Kijana wa Kigoma akirekodi wimbo wa mtu mwingine, mtaani wanamwambia "huyo kakopi tu, hana chake." Wadau, anayesema hivyo hajawahi kuuliza huo muziki tunaouita wa kwetu ulianzaje. Sehemu kubwa ilianza kwa kukopi, na wengi wa wale wa kwanza kukopi hata majina yao hayajulikani.

Rudi nyuma mpaka 1914. Reli ya Kati ya Wajerumani inafika Kigoma mwanzoni mwa mwaka huo. Vita inakuja, Mjerumani anaondoka, na 1921 Mwingereza anawapa Wabelgiji eneo lao kabisa pale bandarini, ili mizigo ya Kongo ipite kwetu kwenda na kurudi Dar es Salaam. Liemba, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916 ili adui asiipate, inarudi kazini 1927. Kwa hiyo wakati Dar inangoja mambo ya nje yaje na meli za baharini, Kigoma ilikuwa na mlango wake wa pili: Kalemie ng'ambo, Uvira na Bujumbura huko juu.

Miaka ya 1930 zikaanza kuingia Kongo sahani za santuri za muziki wa Cuba, zile zilizokuwa na herufi GV. Watu wakachanganyikiwa. Wanamuziki wa Kongo wakawa wanaimba Kihispania wasichokijua, wanafuata sauti tu, maneno mengine wanajitungia palepale. Yaani ni kama leo mtu anavyoimba Kinaijeria bafuni! Kutoka kwenye kukopi huko ndiko ikatoka rumba ya Kongo. Mwaka 1953 Joseph Kabasele anaanzisha African Jazz, 1956 inakuja OK Jazz, na huku kwetu Morogoro tayari kulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah tangu 1948. Jina la bendi peke yake linakwambia walikuwa wanamsikiliza nani.

Sasa jiulize, hizo sahani zilitembeaje? Hazikuwa na miguu. Zilibebwa na mabaharia, makuli, makarani wa reli, wafanyabiashara waliokuwa na nafasi kidogo kwenye sanduku. Mtu anashuka gatini na sahani mbili chini ya kanga za mkewe, jioni watu wanajazana kusikiliza, na kuna mmoja pembeni hachezi, anatazama chini, anashika mstari wa gitaa kichwani. Watu wa namna hiyo ndio walimu wa muziki ambao hakuna shule iliyowaajiri. Hawakujua nota. Walijua kurudia. Ilipokuja kaseti mambo yakawa rahisi kidogo, unarudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili usimalize betri za redio, unasikiliza tena sekunde kumi zilezile mpaka mama anapiga kelele.

Hata bongo fleva, ambayo watu wanaapa ni yetu asilimia mia, mwaka 1991 mmoja wa waliofungua mlango ni Saleh J, aliyechukua "Ice Ice Baby" ya Mmarekani Vanilla Ice akaiwekea Kiswahili. Na 2016 Diamond Platnumz, ambaye kwao ni Kigoma hukuhuku, akiwa na Rayvanny alitoa "Salome", iliyojengwa juu ya wimbo wa Saida Karoli wa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watoto ambao hawakuwa wamezaliwa Saida anavuma wakaanza kumuuliza huyu mama ni nani. Kwa hiyo kava inaweza kumfufua mwenye wimbo. Inaweza pia kumzika, na hapo ndipo inakuja habari ya "Malaika".

Kuna binti mmoja wa Katubuka, mwanafunzi wa muziki, anajifunza kinanda na sauti kwa mwalimu wa kwaya. Wiki kadhaa sasa anarekodi "Malaika" kwa simu. Studio yake ni chumba, godoro limesimamishwa ukutani, blanketi dirishani, maiki ni ya earphone. Mvua ikinyesha kazi imekwisha, bati linapiga ngoma kuliko yeye. Amehifadhi rekodi zote saba, hakufuta hata moja, na ameandika kwenye daftari kila moja ina tatizo gani. Ya kwanza alianza juu mno, alipofika kwenye kiitikio sauti ikakatika. Ya pili anavuta pumzi katikati ya neno. Ya tatu safi, ila kuna jogoo.

Ya nne ndiyo iliyomfundisha. Aliisikiliza akajiona hatari, mpaka mwalimu akamuuliza swali moja: "Mwanangu, wewe Kiswahili umejifunzia wapi?" Alikuwa anayatamka maneno kama Miriam Makeba. Makeba alikuwa wa Afrika Kusini, Kiswahili si lugha yake, na rekodi yake na Harry Belafonte ya 1965 ndiyo iliyoupeleka wimbo duniani. Sasa mtoto wa Kigoma, aliyezaliwa ndani ya Kiswahili, anaiga lafudhi ya mgeni kwenye wimbo wa Kiswahili! Kwenye daftari aliandika: "Nilikuwa nakopi koo la mtu, sijaimba wimbo." Kuanzia ya tano akaacha kumsikiliza Makeba kabisa, akarudi kwa Fadhili William na Jambo Boys, ile ya Nairobi.

Huko akakutana na ugomvi wenyewe. Fadhili, Mtaita wa Kenya aliyefariki 2001, ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa mtunzi. Lakini kuna wanaosema mtunzi ni Adam Salim, Mtanzania aliyeishi Nairobi miaka ya 1940, na kwamba aliutungia msichana ambaye hakuweza kumuoa. Wakati hao wawili wanagombaniwa, Boney M wameutoa 1981 kule Ujerumani, Angélique Kidjo wa Benin akautoa 1991, na wimbo umezunguka dunia nzima huku watu wakidhani ni wa Makeba.

Na si heshima tu. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999, haki ya mtunzi inaishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kama mwenyewe ni Fadhili, hesabu inakwenda mpaka 2051. Kwa hiyo kurekodi chumbani kujifunza ni jambo moja, kuuza ni jingine, na ruhusa inaombwa.

Rekodi ya saba ndiyo bora mpaka sasa, japo pumzi ya ubeti wa pili bado inasikika. Chini yake ameandika majina yote mawili, Fadhili William na Adam Salim, na neno "inabishaniwa." Ya nane anataka kuishusha nusu sauti. Anangoja mvua iache.