Mlolongo: Kura Inayoonekana

Neno "mlolongo" utalikuta kamusini likimaanisha watu au vitu vilivyofuatana mstarini. Mkenya aliyekuwa mtu mzima mwaka 1988 hulisikia vingine. Mwaka huo, katika uteuzi wa chama cha KANU, wapiga kura walijipanga hadharani nyuma ya mgombea waliyemtaka, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 akahesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Kukawa na malalamiko kwamba mahali pengine mstari mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu. Nani angethibitisha? Watu wakishatawanyika, hakuna karatasi ya kuhesabu upya. KANU iliuacha utaratibu huo mwaka 1990.

Hapa Uganda mstari una historia yake. Mabaraza ya vijiji, ambayo leo huitwa LC, yalizaliwa katika vita vya msituni vya 1981 hadi 1986, yakapewa sheria mwaka 1987. Watu waliozoea kuletewa chifu sasa walimchagua jirani yao, kwa kusimama nyuma yake. Hilo halikuwa jambo dogo.

Kisha uchaguzi wa vijiji ukakwama. Mahakama ya Katiba iliutia dosari mwaka 2007, na wenyeviti waliochaguliwa mwaka 2001 wakabaki vitini hadi tarehe 10 Julai 2018. Siku hiyo wakazi walioandikishwa katika daftari la kijiji, wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, walijipanga tena nyuma ya mgombea, wakala wake au picha yake.

Wanaoutetea mstari husema ni rahisi, na kila mtu huhesabu kwa macho yake. Hoja hiyo ina uzito. Lakini fikiri, msomaji, kazi za mwenyekiti: huandika barua ya utambulisho, hushuhudia mauzo ya kiwanja, huketi kusikiliza kesi ndogondogo. Mjane mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba anajua kwamba atakayeshinda ameona alikosimama. Mgombea naye hugeuka nyuma akaona ni shemeji gani hakuja. Binafsi naona gharama ya karatasi ni nafuu kuliko hiyo.

Mjane huyo huyo, anapomchagua mbunge, hupewa karatasi na kutia alama yake pasipo mtu kuiona.