Rekodi za kielektroniki za wagonjwa nchini Kenya

Rekodi za kielektroniki za wagonjwa nchini Kenya ni kumbukumbu za matibabu zinazotunzwa katika kompyuta badala ya mafaili na madaftari ya karatasi. Huonyesha jina na namba ya mgonjwa, magonjwa yaliyotambuliwa, majibu ya vipimo, dawa alizoandikiwa na tarehe ya kurudi kliniki. Kenya ni kati ya nchi za Afrika zilizoanza mapema kutumia mifumo hiyo.

Historia

Mwezi Februari 2001 mfumo wa kompyuta ulianza kutumika katika kituo cha afya cha Mosoriot, ambacho leo kiko katika Kaunti ya Nandi. Ulitokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana nchini Marekani. Kabla ya hapo, habari za mgonjwa mmoja ziliandikwa upya katika madaftari mbalimbali ya kliniki. Mfumo mpya ulileta fomu moja: mhudumu aliijaza kwa kalamu, kisha habari zake ziliingizwa katika kanzidata. Vyanzo vya umeme vya akiba viliwekwa ili kazi isisimame umeme ukikatika.

Katika miezi 6 ya kwanza zilirekodiwa ziara 10,000 za wagonjwa 6,190. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba ziara zilikuwa fupi kwa asilimia 22, na muda wa mgonjwa kukaa na wahudumu ulipungua kwa asilimia 58. Takwimu hizo zilipima muda, si ubora wa tiba. Tena si kazi ya kompyuta peke yake, kwa sababu utaratibu wa kuandika nao ulikuwa umebadilishwa.

OpenMRS

Katika eneo la Eldoret mpango wa AMPATH ulianza kutibu watu wengi wenye virusi vya UKIMWI. Kwa kuwa dawa za kupunguza makali ya virusi hutumiwa maisha yote, kliniki inapaswa kujua haraka ni nani hakurudi kuchukua dawa. Mahitaji ya aina hiyo yalichangia kuanzishwa kwa OpenMRS mwaka 2004. Hiyo ni programu huria, yaani kila nchi inaweza kuitumia na kuirekebisha bila kulipia leseni. AMPATH ilianza kuitumia mwaka 2006. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vya afya vya Kenya, imejengwa juu ya programu hiyo.

Changamoto

Umeme, intaneti, gharama za matengenezo na uhaba wa mafundi huathiri mifumo hiyo. Mahali ambapo karatasi na kompyuta hutumika pamoja, mhudumu huandika jambo lilelile mara mbili, na faida iliyoonekana Mosoriot inaweza kupotea. Mgonjwa aliyeandikishwa kwa namba mbili huwa na historia mbili zisizokamilika. Vilevile mifumo isiyowasiliana humlazimu mgonjwa anayehamia hospitali nyingine kubeba karatasi zake au kupimwa upya.

Usimamizi na sheria

Viwango vya mifumo hiyo vilitolewa mwaka 2010. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti zinazohitaji ulinzi wa pekee. Mwaka 2023 ilipitishwa Sheria ya Afya ya Kidijitali, inayoweka msingi wa mfumo wa taifa wa kubadilishana habari za afya.