Hela ya Mjerumani na Alama Sabini

Neno hela tuliachiwa na Mjerumani: kuanzia 1904 rupia yake moja iligawanywa heller 100. Huku Mbeya na Iringa bado wapo wanaozitafuta rupia zake, na wakizipata, kwanza wanazisugua kwa majivu zing'ae. Jamani! Hapo mali imeshauawa.

Marekani, tangu kampuni ya PCGS ianze 1986, sarafu hupewa alama 1 hadi 70, kisha hufungiwa ndani ya plastiki. Iliyosuguliwa hurudi bila alama. Baadaye zikaja orodha za kushindanisha mikusanyo, nani wa kwanza, nani wa pili. Basi tajiri anayetaka kupanda nafasi yuko radhi kulipa hata mara mbili kwa alama moja ya nyongeza, ambayo mimi na wewe hatuioni hata kwa miwani.

Chukua rupia 15 ya dhahabu, yenye tembo, iliyopigwa Tabora 1916 meli za Mwingereza zilipokuwa zimefunga bahari. Zilitoka 16,198 tu, kwa dhahabu ya Sekenke. Leo ikiokotwa Tukuyu, dalali ataipima kwa mizani, gramu saba na kitu, atalipa na kuondoka. Mikwaruzo ataihesabu mwingine, ng'ambo.