Mzega, Debe Tupu na Lugha ya Darasani

Kamati ya Maandalizi imeniomba niandike habari za historia ya lugha ya kufundishia katika shule za sekondari, nasi tukiwa miongoni mwa waliopitia historia hiyo kwa miguu yetu wenyewe. Nimekubali, ingawa katika jambo hili nina deni, na itanibidi nianze na deni hilo.

Mwaka 1997 tulikuwa Kidato cha Pili. Wenzangu wa mkondo ule watakumbuka kwamba mimi nilikuwa kiranja wa lugha. Nilikuwa na daftari dogo la kuandikia majina ya wote waliosikika wakisema Kiswahili tangu paredi ya asubuhi hadi mwisho wa vipindi. Aliyeandikwa mara tatu katika wiki alifyeka majani nyuma ya bwalo siku ya Jumamosi. Kazi ile niliifanya kwa bidii sana, maana ilinipatia heshima, na tena iliniepusha mimi mwenyewe na kufyeka.

Basi siku moja katika kipindi cha fizikia tulikuwa tukifundishwa kanuni ya momenti, yaani nguvu ikizidishwa kwa umbali wake kutoka kwenye egemeo. Neno hilo la Kiingereza sisi tulilijua kwa maana ya kitambo kidogo cha wakati, na kwa hiyo darasa zima tulikuwa tukijiuliza wakati umeingiaje katika habari ya ubao na mawe. Fasili tuliiimba kwa sauti moja, wala hapakuwa na aliyekosea hata neno. Hapo mwenzetu mmoja, mtu wa pwani, akanyosha mkono. Akasema kwa Kiswahili, "Samahani mwalimu, je, ni kama mzega? Debe likijaa upande huu na upande ule likawa nusu, si mtu hulisogeza bega karibu na lile lililojaa?"

Mimi kwetu ni bara, na maji huchukuliwa kichwani. Sikuwa nimepata kuona mzega, ule mti uwekwao begani na mzigo ukaning'inia huku na huku. Hata hivyo nilielewa papo hapo. Debe la maji lina kama kilo 20, na nusu yake ni kilo 10. Debe zima likiwa sentimita 40 kutoka begani, nusu debe sharti liwe sentimita 80, ndipo mti utulie. Yote aliyokuwa akiyataka mwalimu yalikuwa katika swali lile, tena na bega la mtu ndani yake.

Mwalimu akamwambia aseme kwa Kiingereza. Akasimama, akajaribu maneno mawili matatu, akaketi. Nami nikafungua daftari nikaandika jina lake. Ilikuwa mara yake ya tatu wiki ile.

Sikumbuki kumsikia akiuliza swali tena. Matokeo yake ya Kidato cha Nne hayakumfikisha Kidato cha Tano. Sisemi kwamba swali lile moja ndilo lililomkwamisha, maana mambo ya mtihani ni mengi. Nasema tu kwamba siku ile kijana aliyefikiri alinyamazishwa, na sisi tulioimba tukapewa maksi.

Nilipofika Chuo Kikuu nilikutana na maandishi juu ya uhusiano wa lugha na fikra. Jambo hili ni la zamani. Mjerumani Wilhelm von Humboldt, aliyefariki mwaka 1835, alikwisha kushikilia kwamba kila lugha ina namna yake ya kuuona ulimwengu. Lakini aliyenivutia zaidi alikuwa Mmarekani Benjamin Lee Whorf, pengine kwa sababu hakuwa profesa bali mtu wa ofisi kama nilivyo mimi sasa. Alikuwa mkaguzi wa kampuni ya bima ya moto mjini Hartford. Katika kazi yake aliona kwamba watu huwa waangalifu sana mbele ya mapipa ya petroli yaliyojaa, lakini mbele ya mapipa matupu huvuta sigara bila wasiwasi. Kumbe pipa lililomwagwa petroli hubaki na mvuke, na mvuke huo ni hatari kuliko petroli yenyewe. Neno "tupu" ndilo lililowalaza watu usingizi. Sisi tusemao kwamba debe tupu haliachi kuvuma tungeweza kumwongezea Bwana Whorf kwamba debe tupu laweza hata kulipuka.

Whorf alipita mpaka katika mengine. Alidai kwamba lugha ya Wahopi, Wahindi Wekundu wa Arizona, haina maneno ya wakati kama tuujuavyo, na mwaka 1983 Ekkehart Malotki akatoa kitabu kikubwa kilichojaa maneno ya wakati ya Wahopi hao hao. Kwa hiyo mimi si mfuasi wa wale wasemao kwamba lugha ni gereza la akili. Akili ya binadamu hutoka nje ya lugha yake kila siku, la sivyo tafsiri isingewezekana. Ninaloamini ni dogo zaidi: kwamba fikra ya kwanza, ile inayomjia mtu kabla hajaipanga, humjia kwa lugha anayoichezea na kuitania. Ukimfungia lugha hiyo mlangoni mwa darasa, humzuii kukariri. Unamzuia kubahatisha, na kubahatisha ndiko mwanzo wa kuvumbua.

Sasa tutazame tulifikaje pale. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za Serikali, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Watu walitazamia kwamba sekondari zingefuata. Istilahi zilitungwa, na baadhi yake ni nzuri ajabu. Chukueni "usanisinuru". Neno hilo hujifungua lenyewe: kuna kusanisi, na kuna nuru. Nilipofika Kidato cha Kwanza nililikuta jambo lile lile likiitwa fotosinthesisi, nikalikariri herufi kwa herufi kama namba ya gari. Mgiriki huenda naye huliona likijifungua, lakini darasani kwetu hapakuwa na Mgiriki.

Mwaka 1980 Rais Nyerere aliunda Tume ya Elimu chini ya Ndugu Jackson Makweta. Tume ilitoa taarifa mwaka 1982, ikapendekeza Kiswahili kianze kutumika katika Kidato cha Kwanza mwaka 1985 na baadaye kipande hadi Chuo Kikuu. Serikali haikukubali. Mwalimu mwenyewe, aliyekuwa amemtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili safi, alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia, akahofia kwamba kikiondolewa shuleni kitakufa nchini. Hofu yake haikuwa ya kipuuzi. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza katika shule zetu, wakakuta kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakimudu kiasi cha kufuata masomo yao. Hata hivyo ushauri wao ulikuwa kwamba kiendelee kufundishia, ila kitiwe nguvu. Mimi nimesoma madokezo mengi katika majalada ya Serikali, lakini ni machache ambayo hitimisho lake limeyapa kisogo maelezo yake namna hiyo.

Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilifungua mlango kwa Kiswahili katika ngazi zote, lakini madarasa mengi ya sekondari yamebaki na desturi ile ile tuliyoijua: mwalimu anaandika ubaoni kwa Kiingereza, kisha anaufunga mlango na kueleza kwa Kiswahili ili watoto waelewe. Mwalimu wetu wa fizikia naye alifanya hivyo mara nyingi, Mungu ambariki. Siku ile tu ndiyo hakufanya, huenda kwa sababu kiranja alikuwa ameketi dawati la mbele na daftari lake.

Nisieleweke vibaya. Kiingereza kimenilisha. Natamani wanangu wakijue kuliko mimi, na wafundishwe na watu wanaokijua, kama somo. Lakini katika vikao vya kazi nimeona mara kwa mara taarifa ya mshauri ikisomwa kwa Kiingereza, wajumbe wote wakitikisa vichwa, na swali la kwanza la maana likaja baada ya kikao, nje, kwenye chai.

Jina la mwenzetu yule silitaji, maana niliwahi kuliandika bila ridhaa yake. Kama atahudhuria mkutano wetu, naomba anitafute. Nilikuwa nikitaka kumwuliza habari ya mzega: mtu akiwa njiani na debe moja likawa linavuja, bega analisogeza vipi?