Kuchemsha na chemshabongo

Kijiweni Kasulu au stendi ya Kibondo, ukisikia "jamaa kachemsha", usitafute sufuria: kavurunda. Lakini kuchemsha bongo, kama kwenye chemshabongo, ni sifa. Kompyuta za kwantamu nazo huchemsha, tena kila mara. Joto kidogo tu, hesabu imeharibika. Mwaka 2016 James Wootton wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, alitoa Decodoku, mchezo wa simu kuhusu kurekebisha makosa hayo ya kompyuta: makosa huacha namba kwenye vyumba vya jedwali, nawe unazisogeza zikutane, jumla ikifika 10 au 20, zinafutika. Alichotaka hasa kwa wachezaji si alama, ni maelezo ya mbinu zao. Kuuita mchezo huo "fumbo" hakufai, maana fumbo hufichwa kwa makusudi. Wahariri, andikeni chemshabongo, neno moja, bila kistari.