Aliyeandika pinMode

Usiku ule taa niliyoichomeka kwenye bodi ya Uno ilitoa mwanga hafifu tu. Arduino IDE ya wakati huo haikuwa na zana ya kusaka hitilafu hatua kwa hatua (ilikuja na toleo la 2.0, mwaka 2022), basi nilijaza Serial.println kila pahali, nikasoma namba kama mpiga ramli. Zote zilisema mambo sawa. Kumbe nilisahau pinMode.

Amri hiyo ni kongwe kuliko Arduino. Hernando Barragán, mwanafunzi kutoka Kolombia, alianza kuunda Wiring huko Ivrea, Italia, mwaka 2003, kwa tasnifu yake ya uzamili. Massimo Banzi alikuwa mmoja wa wasimamizi wake. Mwaka 2005 Banzi na wenzake walijenga Arduino juu ya Wiring. Barragán hakuwamo katika kundi hilo.