Changizo kwa Ajili ya Vijana Waliokosa Shule: Kutoka Lutindi hadi Chanika

Katika kumbukumbu za sharika nyingi ukurasa wa michango huwa mfupi. Huandikwa jumla ya fedha, jina la mgeni rasmi na jengo lililozinduliwa. Ni mara chache kuandikwa fedha zile zilimfikia nani, na ni nani hazikumfikia. Makala hii inafuata njia nyingine. Inaangalia jinsi watu wa Handeni na Korogwe, pamoja na marafiki wao wa karibu na wa mbali, walivyochanga kwa zaidi ya miaka mia moja kwa ajili ya kundi moja tu: vijana ambao shule ya kawaida haikuwapokea, au iliwapokea kisha ikawapoteza. Kundi hilo lingalipo Chanika. Lipo mnadani, lipo kwenye vijiwe vya bodaboda, na lipo uani ambako binti hulea mtoto huku wenziwe wakipita barabarani na sare zao.

Mwanzo wake: Lutindi

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifika Mlalo, Usambara, mwaka 1891. Miaka mitano baadaye, yaani mwaka 1896, ilifunguliwa nyumba huko Lutindi, katika milima iliyo leo wilayani Korogwe. Haikuwa nyumba ya watoto wa machifu wala ya wana wa waumini. Ilikuwa ya watoto waliookolewa katika utumwa, ambao hawakujua tena kwao ni wapi wala ukoo wao ni upi. Walilishwa, wakafundishwa kusoma na kufanya kazi.

Gharama za nyumba hiyo zilitoka kwa Wakristo wa Ujerumani waliochanga kupitia chama cha Evangelischer Afrika-Verein. Mtu aliyetoa sadaka huko hakumwona mtoto, na mtoto hakumjua aliyemlisha. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu, lakini historia ya kweli haina budi kutaja na upande wa pili. Vuguvugu la kupinga utumwa katika Ulaya ya siku zile lilichanganyika na siasa za kutwaa makoloni, na fedha ilipotoka mbali, uamuzi nao ulitoka mbali. Mwaka 1904 Lutindi ikageuzwa kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Kazi hiyo imekuwa baraka kubwa kwa nchi nzima hadi leo. Hata hivyo, nyumba iliyojengwa kwa ajili ya watoto ilibadilishiwa kazi bila wenyeji wa milima ile kuwa na sauti yenye uzito.

Shule zisizo na ruzuku

Vita Kuu ya Kwanza ilipoiangusha serikali ya Wajerumani, wamisionari wao waliondolewa. Walianza kurudi katikati ya miaka ya 1920. Katika kipindi hicho sharika za Usambara na za pwani zilibaki mikononi mwa waalimu Waafrika, ambao wengi wao walikuwa waalimu wa shule na wainjilisti kwa wakati mmoja. Mshahara wa kuaminika haukuwapo. Waliishi kwa mashamba yao na kwa kile ambacho Wakristo walileta.

Mwaka 1925 serikali ya Waingereza iliwaita viongozi wa misheni katika mkutano wa elimu Dar es Salaam. Kutokana na mashauri hayo ulianza utaratibu wa ruzuku: shule iliyofikia kiwango kilichowekwa, yenye mwalimu mwenye cheti, ilipata fedha za serikali. Utaratibu huo uliinua shule kubwa. Lakini shule ndogo za vijijini, zile ambazo wakubwa waliziita shule za vichakani, hazikupata kitu. Nazo ndizo zilizokuwa nyingi. Zilikuwa na paa la nyasi, ubao mmoja, na wanafunzi wa rika zote, mtu mzima akikaa karibu na mtoto. Watu wengi walijua kusoma kwa sababu ya shule hizo tu, na shule hizo ziliishi kwa sadaka.

Hapa ndipo linapoonekana jambo ambalo limejirudia katika kila kizazi. Serikali na wafadhili hupenda kusaidia shule ambayo tayari imesimama. Kijana aliye nje ya shule hiyo hubaki kuwa mzigo wa jirani zake.

Wazazi wanachanga wenyewe

Katika miaka ya 1950 mzigo huo ulichukuliwa na wazazi. Mwaka 1955 ilianzishwa Jumuiya ya Wazazi ya Tanganyika, iliyojulikana kwa kifupi kama TAPA, chini ya mwavuli wa TANU. Wazazi walichanga fedha, walikata miti, walifyatua matofali, wakafungua shule kwa watoto waliokosa nafasi katika shule za serikali na za misheni. Mwalimu wa shule ya wazazi mara nyingi hakuwa na mafunzo, na hali ya madarasa ilikuwa duni. Hata hivyo, shule hizo zilifundisha kwamba elimu si zawadi inayosubiriwa kutoka juu.

Wakati huohuo wananchi waliombwa kuchangia Chuo cha Kivukoni, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961 kwa ajili ya watu wazima ambao hawakupata nafasi ya kuendelea na masomo. Mfano wake ulikuwa Chuo cha Ruskin cha Oxford, Uingereza, ambacho nacho kilianzishwa kwa ajili ya wafanyakazi. Ndani ya Kanisa ulionekana moyo wa namna hiyohiyo. Mwaka 1963, mwaka uleule ambao makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ilianza Shule ya Wasioona ya Irente, karibu na Lushoto, kwa watoto ambao wengi waliamini kwamba hawafundishiki.

Chuo cha wananchi Handeni

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitwaa shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku, ili mtoto wa dini yoyote asibaguliwe. Katika wilaya kama Handeni, ambako Waislamu na Wakristo wa madhehebu mbalimbali wanaishi mlango kwa mlango na kuzikana, shabaha hiyo ilikuwa ya haki. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likafuatiwa na Elimu ya Msingi kwa Wote mwaka 1977.

Kati ya hatua hizo mbili, mwaka 1975, vilianzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa msaada wa Sweden, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya wananchi vya nchi hiyo. Vilifikia zaidi ya 50 nchini, na Handeni ilipata chuo chake. Humo kijana aliyeishia darasa la saba, au ambaye hakufika hata huko, angeweza kujifunza useremala, ushonaji, uashi au kilimo bila kudaiwa cheti cha sekondari. Msaada wa Sweden ulipokoma katika miaka ya 1990, vyuo vilidhoofika: majengo yakachakaa na vifaa vikaisha. Katika miaka ya karibuni vimepata uhai mpya, mojawapo ya sababu ikiwa ni mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaosimamiwa pamoja na shirika la Karibu Tanzania, ambao huwapokea wasichana waliokatisha masomo, wengine wakiwa na watoto wao wachanga.

Kwa watoto wenye umri wa shule ya msingi ulikuja MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa. Ulijaribiwa kuanzia mwaka 1997, kwa msaada wa UNICEF, katika wilaya za Kisarawe, Masasi, Musoma Vijijini, Ngara na Songea Vijijini, kisha ukaenezwa nchini wakati wa mpango wa MMEM ulioanza mwaka 2002. Madarasa yaligawanywa kwa rika, masomo ya msingi yakafupishwa kuwa ya miaka mitatu, na sare haikuwa sharti. Udhaifu wake mkubwa haukuwa katika mtaala. Ulikuwa katika posho ya mwezeshaji, ambayo ilikuwa ndogo na mara nyingi ilichelewa.

Ukuta na mwalimu

Ni vema kila usharika ukaona mahali ambapo mkondo huu wote unaelekea. Kukusanya fedha za ukuta ni rahisi. Mgeni rasmi hualikwa, kwaya huimba, jogoo hunadiwa, aliyemnunua humrudisha madhabahuni, naye hunadiwa tena na tena. Siku hiyo ina furaha ya kweli, na hakuna wa kuidharau. Lakini ahadi nyingi za siku hiyo hubaki katika karatasi, na mtunza hazina hawezi kumlipa fundi kwa ahadi.

Mwalimu wa vijana waliokosa shule hahitaji siku moja ya shangwe. Kaya 100 zikitoa shilingi 1,000 kila mwezi, kwa mwaka hupatikana shilingi 1,200,000. Kiasi hicho ni kidogo machoni pa wageni wa harambee, lakini huja kila mwezi, na mwalimu hula kila mwezi. Shule za zamani zisizo na ruzuku zilidumu kwa debe la mahindi lililorudi kila mavuno. Lutindi ya kwanza, Vyuo vya Wananchi na MEMKWA zinafundisha somo hilohilo: fedha ya mbali huanzisha, fedha ya karibu hudumisha.

Binti aliyeachwa nje

Liko jambo moja ambalo fedha peke yake haiwezi kulitengeneza. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba aliondolewa shuleni. Katika sharika nyingi aliwekwa pia chini ya nidhamu ya kanisa, akasimamishwa Meza ya Bwana, na mara nyingi aliyempa mimba hakutajwa kabisa. Hivyo binti yuleyule alifungiwa milango miwili. Tarehe 24 Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu hiyo wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Mlango mmoja ukafunguliwa. Mlango wa pili uko mikononi mwa wazee wa kanisa, na hauhitaji bajeti.

Elimu ya msingi bila ada tangu mwaka 2002, na ya sekondari hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, imewaingiza wengi darasani. Waliosalia nje ni wachache zaidi kuliko zamani, na kwa sababu hiyo ni rahisi zaidi kuwasahau. Watoto wa Lutindi mwaka 1896 hawakuwa na ukoo wa kuwadai mtu haki yao. Kijana wa Chanika anao ukoo, anao majirani wa dini zote, anao usharika unaosherehekea miaka mia moja. Basi, wakati bahasha za jubilei zitakapokuwa zikihesabiwa, Kanisa na lijiulize kama jina lake limo kati ya yale yaliyoandikwa. Na Bwana wa mavuno awape watu wake moyo wa kutoa hata siku ambayo hakuna mgeni rasmi.